Ratiba ya Treni ya Mwaka wa Themanini

Mgeni alikuwa afike Alhamisi, na hadi Jumatatu asubuhi Rimma alikuwa bado hajui kuku watatoka wapi.

"Wawili, wanono," Zavyalov alikuwa amemwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Zavyalov ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara. "Mjerumani hawezi kusafiri mbali kote huko akaja kulishwa kabichi. Na ulete zile sahani zako za harusi, zenye maua. Za kantini zimepasuka zote."

"Kuku nitawatoa wapi, Valery Ignatyevich? Mshahara wa mwisho tuliuona Februari."

"Wewe mama wa nyumba bwana. Akina mama hamkosi njia."

Hakumpa hata rubli moja, wala Rimma hakuuliza tena. Ilikuwa Septemba ya mwaka wa tisini na tano. Belorechye, mji wa wasomi uliojengwa katikati ya msitu na serikali iliyokwisha kufa, ulikuwa umezoea kuishi bila mishahara kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Maprofesa walilima viazi. Mabingwa wa kemia walipika jemu wakaiuza kituo cha basi. Taasisi yenyewe ilikuwa na ghorofa tano, na mwanga uliwaka katika mbili.

Basi Rimma alichukua nusu lita ya spiriti aliyokuwa ameihifadhi kwa kusafishia lenzi, akaifunga ndani ya skafu, akatembea kilomita nne hadi kijijini kwa bibi mmoja mfugaji aliyeitwa Glafira.

"Pesa sitaki," Glafira alisema kabla hajasalimiwa. "Leo zinanunua mkate, kesho hazinunui hata kiberiti. Spiriti ipo?"

"Ipo."

Glafira alifungua chupa, akanusa, akachovya kidole akakilamba. "Hii kweli. Haya, kuku mmoja."

"Wawili, bibi. Nusu lita safi kabisa hiyo. Ukichanganya na maji utapata chupa mbili na zaidi."

"Nyie wasomi!" Glafira alicheka, meno yake mawili ya mbele hayapo. "Miaka yote mmefuga vijidudu kwenye chupa, mkapewa na medali. Si mngefuga kuku tu?" Lakini alimpa wawili, mmoja mnono na mwingine mzee wa kuchemsha tangu alfajiri, na Rimma akarudi nao msituni wakining'inia miguu juu.

*

Mumewe, Gleb Sushkov, alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo cha bafuni huku akiimba. Rimma alisimama mlangoni na kuku wake akamsikiliza. Miaka miwili na nusu sasa, tangu moyo wake ulipomwangusha kwenye ngazi za Taasisi, hakuwa amemsikia akiimba.

"Mama Inga! Umewapata?"

"Nimewapata."

"Unaona? Mambo yanageuka." Alimwelekezea wembe kama mwalimu anayeelekeza ubao. "Miaka kumi na mitano, Rimma. Huko kwao wana mashine za thamani ya jumba zima, na utando wao haushiki hata mwaka mmoja. Wa kwetu umeshika kumi, na Alhamisi mgeni atauona wa kumi na mitano kwa macho yake. Nitamwachia makosa ayahesabu mwenyewe. Mwenyewe!"

Rimma aliingia jikoni kuchemsha maji ya kunyonyolea.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kuna bakteria wanaoishi kwenye maji ya chumvi kali, chumvi inayoua kila kitu kingine, nao wana protini ya rangi ya zambarau inayobadilika ikipigwa na mwanga. Rimma aliwakuza kwenye chupa chini ya taa, akawavuna, akawaosha, akaipaka ile zambarau juu ya vipande vya kioo, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Mwanga ukigusa nukta moja ya utando, nukta hiyo inageuka manjano. Kwa watu wengine nukta hiyo hufifia kabla hujamaliza kuitazama. Gleb ndiye aliyegundua kwamba ukiipiga kwa mwanga wa pili, mwekundu, kwa wakati wake hasa, haifutiki tena, mradi kioo kikae gizani na pakavu. Nukta kwa nukta unaweza kuandika kitabu kizima kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti.

Mwezi wa Juni mwaka wa themanini waliandika vioo kumi na viwili. Mkuu wa wakati ule alitaka hotuba za chama. Gleb aliandika ratiba ya treni ya nchi nzima, kurasa mia nne, kwa sababu tarakimu ikikosewa huwezi kujidanganya kwamba umeisoma sawa. Vinne vilisomwa mwaka wa tisini, na makosa yalikuwa machache kuliko hata Gleb alivyoota. Vinane vilibaki kabatini, vinne vingojee miaka kumi na mitano, vinne ishirini. Ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa Rimma.

Na aijuaye siri ya mtungi ni kata. Februari ya mwaka wa tisini na tatu, wiki moja baada ya Gleb kulazwa, bomba la maji ya moto la kupashia chumba lilipasuka ukutani nyuma ya kabati lile. Rimma alifika asubuhi akakuta mvuke umejaa chumba na maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Utando ulikuwa umevimba na kubanduka, umelala chini ya droo kama maganda ya nyanya. Vyote vinane.

Hakukuwa na mtu wa kumwita. Ghorofa ile alibaki peke yake. Alikausha sakafu kwa koti lake la kazi. Jioni alipokwenda hospitali, daktari alimshika mkono koridoni akamwambia, mama, mshituko wowote sasa hivi utamchukua. Akaingia wodini. Neno la kwanza la Gleb, midomo ya bluu, lilikuwa: "Vioo vyangu havijambo?"

"Havijambo," alimjibu.

Mwezi wa Machi alitengeneza vingine vinane. Alikuwa na bakteria wale wale, picha za kurasa zile zile, mashine ile ile, na mikono iliyofanya kazi ile kwa miaka ishirini. Kwenye kila kimoja aliandika lebo: Juni 1980. Alijiambia kwamba hakuna atakayekuja kuvisoma, kwamba Taasisi itakufa kabla ya siku hiyo. Alijiambia pia kwamba Gleb akipona atamwambia. Gleb alipona, na kila siku iliyopita iliifanya siku ya kumwambia iwe ngumu zaidi.

*

Jumatano walikwenda shambani kuvuna viazi. Gleb alikatazwa kushika jembe, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipangusa udongo na kutenganisha vikubwa na vidogo. Rimma alichimba. Alikuwa ameamua kwamba akifika mwisho wa mstari wa tatu atasema.

"Miaka mitatu ya mkataba na Wajerumani," Gleb alisema alipofika katikati ya mstari wa pili. "Zavyalov amenionyesha. Mimi nitakuwa mshauri wao. Watu kumi na wanne wa maabara watapata mishahara, tena kwa marki za Kijerumani. Wewe hawajakuandika, wanasema mafundi hawaingii, lakini nitaongea nao."

"Usiongee. Haina haja."

"Nitaongea. Na kwanza tutakutengenezea meno. Unadhani sioni unavyotafuna upande mmoja?"

Rimma aliendelea kuchimba. Alifika mwisho wa mstari wa tatu, akasimama, akajinyoosha mgongo. Mumewe alikuwa ameinua kiazi kikubwa chenye umbo la pua, anakitazama na kucheka peke yake. Rimma alianza mstari wa nne.

Nyumbani alimkuta binti yao Inga akipiga pasi sketi yake nyeusi. Inga alisomea Kijerumani chuo kikuu na sasa aliuza soksi za nailoni kwenye soko moja la Moscow. Mumewe alikwenda kutafuta kazi kaskazini na hakurudi, na mtoto wao, Kostya, wa miaka minne, alikuwa na pumu. Zavyalov alimwomba awe mkalimani, tena bure.

"Inga, zima pasi. Nina neno."

Alimwambia yote huku amesimama, udongo bado uko mikononi. Inga alisikiliza hadi mwisho. Pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia kwenye kitambaa cha meza.

"Umemwambia nani mwingine, mama?"

"Wewe tu."

"Basi imetosha. Kioo kinasomeka?"

"Kinasomeka. Ni kipya."

"Basi kitasomeka, yule Mjerumani atafurahi, na baba atafurahi. Nani ataumia?" Inga aliongea taratibu, kama anayemshawishi mteja. "Utando ni wa baba. Njia ni ya baba. Vile vya zamani vingesomeka pia, wewe mwenyewe unajua, isingekuwa lile bomba. Sasa bomba la serikali lipasuke, halafu sisi ndio tufe njaa?"

"Wataweka maandishi ya watu humo, Inga. Vyeti. Hati za nyumba. Watawaambia watu kwamba miaka kumi na mitano hayafutiki, na mimi najua kwamba hakuna aliyeona."

"Mama, mwanangu anapumua kama filimbi. Dawa yake nainunua kwa kuuza soksi kwenye theluji. Usinieleze habari za hati za nyumba za Wajerumani."

Rimma aliosha mikono, akaanza kukatakata kuku.

*

Mgeni wa Alhamisi, Daktari Ettinger, alikuwa mrefu, mwenye miwani na koti lililochakaa viwiko, na hilo lilimshangaza kila mtu. Alikula kuku mzee bila kulalamika. Rimma alipakua, akaondoa sahani, akasikia Zavyalov akimtambulisha kila aliyekuwa mezani kwa jina na cheo. Alipofika kwake alisema, "Na huyu anatusaidia mambo ya meza."

Mchana waliingia chumba cha kusomea. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa cheusi, taa ndogo nyekundu inawaka. Rimma alifungua kabati, akatoa kioo cha kwanza, akakiweka kwenye mashine, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kukiweka. Gleb akamwachia mgeni kiti.

Kurasa zilitokea kwenye skrini moja moja. Moscow hadi Tashkent. Leningrad hadi Sukhumi. Treni za kwenda nchi ambazo siku hizi zina mipaka na bendera zao. Ettinger alilinganisha tarakimu na kitabu kilichochapishwa, midomo ikienda, ukurasa kwa ukurasa, hadi shingo yake ikalowa jasho. Kurasa hamsini alizochagua mwenyewe. Makosa mawili.

Alivua miwani akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema hajawahi kuona kitu kama hiki," Inga alitafsiri. "Anasema alidhani anakuja kutazama kaburi."

Gleb alicheka, akafuta macho kwa kiganja. Walirudi mezani kwenye mwanga. Mgeni akatoa karatasi mbili zenye maandishi ya lugha zote mbili, na Inga akasoma: kwamba kioo hiki kimeandikwa Juni 1980, kwamba hakijaguswa tangu siku hiyo, na kwamba aliyetia saini anathibitisha kwa heshima yake ya kisayansi. Zavyalov alimpa Gleb kalamu yake ya wino, ya sikukuu.

Rimma alikuwa ukutani, karibu na birika. Alimwona mumewe akinyoosha karatasi kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anavyonyoosha kila karatasi anayotia saini. Katika miaka thelathini ya ndoa alikuwa amemwona akigombana na wakuu watatu kwa ajili ya tarakimu moja.

"Gleb, usisaini," alisema. "Kioo hiki si cha mwaka wa themanini. Nimekitengeneza mimi, Machi ya tisini na tatu, ulipokuwa hospitali. Bomba lilipasuka. Vyote vinane viliharibika."

Ettinger, ambaye hakuelewa neno, aliangalia nyuso, kisha akamgeukia Inga akauliza.

Inga alitabasamu. Alijibu kwa Kijerumani, sentensi moja fupi, nyepesi. Uso wa mgeni ukafunguka. Alimwinamia Rimma kichwa, akashika tumbo, akaitikia mara mbili.

"Naam, chai!" Zavyalov aliruka, sauti juu mno. "Rimma Pavlovna, mgeni anaomba chai! Mbona umesimama?"

Na Rimma akaenda kwenye birika. Baadaye hakuweza kujieleza kwa nini alikwenda. Miguu ilikwenda. Alipanga vikombe vyenye maua, kimoja, viwili, vitatu, akamimina. Alimimina cha nne. Alijua kwamba akigeuka atakuta saini.

Ndipo akasikia sauti ya Gleb. Hakuwa akiongea Kirusi. Alikijua Kijerumani cha kusoma tu, cha majarida ya fizikia, na kilikuwa hakijawahi kutoka mdomoni mwake. Kilitoka kipande kipande, kama mtu anayetoa mawe kisimani. Rimma hakuelewa. Aligeuka akaona mumewe ameandika kwenye karatasi ile ile, kwa tarakimu kubwa, 1980. Akaipiga mstari. Chini yake akaandika 1993.

"Anatania!" Zavyalov alisema. "Inga, mwambie anatania! Mwambie mama amechoka, hajalala!"

Inga alikuwa mweupe kama ukuta. Ettinger aliongea naye, polepole, na safari hii hakutabasamu.

"Anauliza," Inga alisema, sauti kavu, "na vile vya miaka kumi? Navyo vilikuwa hivi?"

"Vile ni vya kweli," Gleb alisema. "Kila kimoja."

Inga alitafsiri. Mgeni akajibu.

"Anasema yeye anakuamini, baba. Anasema waliomtuma hawataamini. Watauliza nani alishika ufunguo, na yeye atalazimika kuwajibu."

Ettinger alikunja karatasi zile akaziweka mfukoni. Alikunywa chai yake yote, kwa sababu ilikuwa imekwisha kumiminwa. Wakati wa kuaga alisimama mbele ya Rimma akasema neno, na Inga akatafsiri akiangalia sakafu.

"Anasema utando wako ni laini kuliko unaotengenezwa kwao. Anauliza ulijifunza wapi."

"Mwambie hapa hapa," Rimma alisema.

*

Gari lilipoondoka Zavyalov hakupiga kelele. Rimma angependa apige. Alisema tu, "Watu kumi na wanne, Rimma Pavlovna. Kwa mdomo mmoja." Kisha akafunga nyama ya kuku iliyobaki kwenye gazeti, akaitia katika mkoba wake akaondoka.

Walitembea hadi nyumbani watatu, Inga mbele. Mlangoni kwao aligeuka.

"Ningesema chai mara elfu," alimwambia mama yake. "Ujue hivyo. Mara elfu." Akaingia kumvua mwanawe soksi zilizolowa.

Siku ya tatu alihamia Moscow na Kostya, kwa rafiki yake wa sokoni, vitanda vitatu chumba kimoja. Gleb alimbebea begi hadi kituo cha basi ingawa alikatazwa kubeba. Siku zote hizo tatu alikuwa hajamsemesha mkewe zaidi ya "pisha" na "chumvi iko wapi."

Jumapili walikwenda kumalizia viazi. Mvua nyembamba ilinyesha, udongo ulishika kwenye jembe. Gleb alikaa kwenye ndoo yake.

"Ungeniambia hospitalini," alisema.

"Daktari alisema mshituko utakuua."

"Daktari alizungumzia moyo. Hakusema nigeuzwe mjinga." Alitupa kiazi kwenye gunia. "Miaka miwili na nusu, Rimma. Kila nikiamka naona dunia imevunjika, lakini nasema, kuna vioo vinane kabatini. Basi. Nanyanyuka. Nakunywa chai. Na wewe umekaa mbele yangu unanitazama nakunywa."

"Nilikuwa nakutazama."

"Afadhali ungeiba."

Rimma aliinama akachimba, maji ya mvua yakimtiririka shingoni. Alichimba mstari mzima. Aliporudi, Gleb alikuwa hajapangusa hata kiazi kimoja.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Nalo hulijui. Nilikisikia alichosema Inga. Nilielewa mara moja, chai naielewa. Na sikufungua mdomo."

Rimma alisimama na jembe.

"Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikafikiri, mgeni ameridhika. Nikafikiri habari ya meno yako. Nikafikiri, vile vya zamani vingesomeka, kwa hiyo si uongo hasa, ni kweli iliyovaa nguo ya kuazima. Mimi, Rimma. Mimi niliyemfukuza mwanafunzi kwa kurekebisha tarakimu moja. Ulimimina vikombe vinne. Nilihesabu. Vikombe vitatu nilikuwa nasaini."

"Hukusaini."

"Ulikuwa umenipa mgongo, unamimina, kama mtu aliyezoea kutosikika. Hicho ndicho kilichonishinda. Si sayansi." Alijifuta mvua usoni. "Basi usidhani nimekukasirikia wewe tu."

Rimma aliweka jembe chini. Ndoo ya pili ilikuwa karibu. Aliipindua akakaa kando yake. Walikaa hivyo hadi mvua ilipozidi na ikabidi wafunge magunia.

*

Maabara ilifungwa Desemba. Ghorofa ile ilikodishwa kwa mfanyabiashara wa samani, ambaye watu wake walitoa mashine nje zikakaa kwenye theluji. Kati ya wale kumi na wanne, wengine walimsalimia Rimma dukani, wengine walivuka barabara. Zavyalov alipata kazi katika benki. Gleb alifundisha fizikia shule ya sekondari, vipindi kumi na nane kwa wiki. Rimma aliosha sakafu za shule hiyo hiyo, na watoto walipokuwa wakipita walikanyaga palipolowa.

Inga alituma pesa mara mbili kwa mkono wa dereva wa basi, bila barua. Mara ya tatu palikuwa na kipande cha karatasi: Kostya hajambo, anauliza babu anafanya nini. Rimma alikisoma mara nyingi akitafuta jina lake humo. Halikuwemo. Alikiweka droo ya visu.

Siku ya mwisho kabla ya samani kuingia walikwenda kuchukua vioo saba vilivyobaki bila kusomwa. Hakuna aliyewazuia, mlinzi aliuliza tu kama ni vya kuliwa. Nyumbani Rimma alivifunga kimoja kimoja katika karatasi nyeusi, akaviweka kwenye kopo la chai la bati, na Gleb akakata lebo mpya. Aliandika aliloandika siku zote: njia, aina ya bakteria, idadi ya kurasa. Tarehe aliandika Machi 1993. Kisha akasimama.

"Jina lako la baba ni Pavlovna kwa herufi moja ya n au mbili? Nimesahau kabisa."

"Moja. Kwa nini?"

"Aliyetengeneza," Gleb alisema, akaandika. Aliupuliza wino ukauke. "Na siku ya kusoma? Tuseme kumi, au kumi na tano?"

Rimma alikuwa akimenya viazi. Alihesabu kimoyomoyo. Mwaka wa elfu mbili na nane yeye angekuwa na sitini na mitano. Gleb sabini na mmoja, na moyo ule.

"Andika kumi na tano," alisema.

Gleb alimtazama, kisha akainamia lebo, akaandika.